Kijiko Kimoja, Asubuhi na Jioni

Babu Kijiko alikuwa na jina lake, tena zuri, alilopewa na wazazi wakiwa na akili zao timamu, lakini pale hospitali lilikuwa halina kazi. Kuanzia mganga mkuu mpaka mfagiaji, wote walimwita Babu Kijiko, na hata karatasi ya jina iliyobandikwa mlangoni kwake, mtu mmoja mwenye utani aliifuta akachora kijiko. Babu hakuibandua. Alichukua kalamu akakitengeneza mpini vizuri, maana kilikuwa kimechorwa ovyo.

Sababu ya jina ni mdomo wake. Kila chupa ya dawa ya maji iliyotoka dirishani kwake ilitoka na kijiko cheupe cha plastiki na hotuba. "Kijiko hiki, mama. Si cha chai, si cha kupakulia, si alichokusahaulia shemeji yako. Hiki. Kijiko kimoja, asubuhi na jioni. Nimesemaje?" Mama asiporudia, chupa haitoki. Basi wanarudia kama watoto wa darasa la kwanza huku wanacheka, na wengine wakikutana naye sokoni wanampigia kelele toka mbali, "Asubuhi na jioni!" Naye anawapungia mkono kama mbunge.

Kazi yake ilikuwa kuchanganya dawa. Siku hizi ukimwambia kijana kwamba dawa zilikuwa zinapikwa hospitalini anakutazama kama umemwambia nguo zilikuwa zinaota shambani. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Chumba cha Babu Kijiko kilikuwa jiko kamili. Kulikuwa na kinu kizito cheupe na mchi wake, mizani ndogo ndani ya kisanduku cha kioo, ndoo ya mafuta mazito ya kukorogea marhamu, na kipande cha marumaru alichokuwa akiyatandaza marhamu hayo kwa kisu kipana, akiyakunja na kuyakunjua mpaka yalainike. Nguo zake zilinuka dawa hata zikifuliwa mara ngapi. Marehemu mkewe alikuwa akisema hajaolewa na mtu, ameolewa na kabati la dawa, ila kabati lingekuwa na nafuu, lisingekoroma.

Dawa nyingi hazikuwapo za watoto. Zilikuja vidonge vya watu wazima. Hapo ndipo palikuwa na ufundi wake. Mama anakuja na mtoto, mtoto anapimwa uzito, Babu anapiga hesabu, anasaga vidonge kwenye kinu, anakoroga na maji mazito ya sukari. Na hakukoroga kwa nguvu moja kwa wote. Kila mtoto alikorogewa chupa yake, kali au nyepesi kwa kadiri ya uzito wake, ili kipimo kiwe kile kile kwa kila nyumba, yaani kijiko kimoja. Mtoto akinenepa, Babu anaongeza vidonge ndani ya chupa. Kijiko hakibadiliki.

"Mama ana mambo mia kichwani," alikuwa akisema. "Mimi kazi yangu kumpunguzia moja."

Na katika watoto wote wa chupa zake hakuna aliyependwa kama mjukuu wake, mtoto wa binti yake pekee. Alimwita Mchumba, na mtoto naye alijiita hivyo, hata nesi akiuliza jina lake anasema, "Mchumba wa babu." Alikuwa bado hajafika umri wa kuanza shule, na alikuwa na kifafa. Kilikuwa kinamshika vibaya, mara anacheza, mara yuko chini anakakamaa, macho juu. Ile chupa ya Babu ndiyo iliyokituliza. Binti yake, ambaye ni msusi na anafanyia kazi barazani kwake, alikuwa anaacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa nusu timtim, anakwenda kumpa mtoto kijiko chake, ndipo anarudi. Asipokwenda, mteja mwenyewe anamkumbusha.

Sasa dunia ikaamua kugeuka. Wakaguzi walikuja wakaangalia dari, wakaangalia bomba la maji, wakaangalia kinu. Wakachukua chupa kadhaa za Babu kwenda kuzipima. Majibu yakarudi kwamba dawa ya juu ya chupa ni nyepesi na ya chini ni kali, maana unga unazama, na mama akisahau kutikisa basi mtoto anapewa maji ya sukari mwanzo wa mwezi na moto mwisho wa mwezi. Chumba kikafungwa. Mganga mkuu, kwa kumfariji, akaagiza kinu kiwekwe mapokezi kiwe pambo. Wakakitia maua ya plastiki. Babu Kijiko alipokiona alisema, "Na mimi mniwekee la kwangu sikioni, tuwe pacha," watu wakavunjika mbavu. Yeye alicheka kuliko wote, kisha akaenda chooni akakaa muda mrefu.

Akahamishiwa dirishani, kazi yake kutoa maboksi. Mkuu wake mpya alikuwa mfamasia, binti mdogo kwa umri, asiyevua glavu hata akipokea chai, na ndiyo maana Babu alimpa jina la Bi Glavu siku ya kwanza tu. Bi Glavu alimheshimu. Alimwamkia kila asubuhi, akamwachia kiti kizuri. Ila alikuwa na msimamo.

"Mzee, kila mgonjwa aonyeshwe. Asiambiwe tu, aonyeshwe."

"Binti, mimi nimewaonyesha mama zao na bibi zao."

"Najua, mzee. Lakini dawa zenyewe ni nyingine."

"Dawa ni dawa. Kilichobadilika ni boksi."

Ndipo ikaja ile katoni. Dawa ya kifafa ya watoto, ya maji, imetoka kiwandani tayari, vichupa vidogo vya rangi ya kahawia, na ndani ya kila boksi kuna bomba la kupimia, kama la sindano lakini halina sindano. Katoni ilifika asubuhi, na Bi Glavu akasema isiguswe mpaka mchana, awaite wote awaeleze. Lakini asubuhi hiyo hiyo binti yake Babu alikuja dirishani, chupa ya zamani imekwisha, kwapa moja limebana mkoba, lingine limebana kitana, foleni nyuma yake inaguna.

Babu afanye nini? Mjukuu wake akae bila dawa mpaka watu wamalize mkutano? Akapasua katoni kwa ufunguo, akachomoa boksi la kwanza, akampenyezea binti yake chini chini.

"Baba, hii mbona ndogo?"

"Ndiyo ya kisasa hiyo. Siku hizi kila kitu kinapungua, hata mishahara."

"Nampa kiasi gani?"

Na mdomo wa Babu Kijiko, ambao ulikuwa umesema neno moja maisha yake yote ya kazi, ukasema neno hilo hilo kabla kichwa hakijaulizwa. "Kijiko kimoja, asubuhi na jioni."

Binti yake hakuhitaji kurudia. Alikulia kwenye maneno hayo.

Mchana Bi Glavu akawakusanya. Alieleza kwamba dawa hii ni kali mno kuliko ile ya kukorogwa, ndiyo maana chupa ni ndogo, na mtoto anapimiwa kwa bomba, tena kidogo sana, kila mmoja kwa uzito wake. Babu Kijiko alikuwa amekaa nyuma na watunza stoo. Bi Glavu alipoinua bomba, yeye akanong'ona, "Huyu anataka tuwanyweshe watoto kama tunajaza kalamu wino," wenzake wakabana vicheko. Maneno yaliyofuata yalimpita juu ya kichwa. Alikuwa anatafuta mzaha mwingine.

Siku ya pili binti yake aliona mtoto amelegea. Akasema ni uchovu. Mchana mtoto alianguka akicheza, akacheka, akalala pale pale sakafuni. Jioni alikula macho yamefumba. Mama mtu akampa kijiko chake. Asubuhi iliyofuata ilibidi ampanue mdomo kwa kidole ampe kingine, akamlaza kitandani, akaenda kusuka. Aliporudi kumwamsha hakuamka. Alimtikisa, akamwagia maji usoni, akamwita kwa majina yote. Kichwa kilikuwa kinaanguka huku na huku, na pumzi inatoka moja, unasubiri, unasubiri, ndipo inatoka nyingine. Binti yake Babu alitoka barabarani pekupeku na mtoto mgongoni.

Mfagiaji alimfuata Babu Kijiko dirishani kwake. "Babu, Mchumba kaletwa wadini, ana hali mbaya." Hakufunga dirisha, hakumwambia mtu, aliondoka na boksi la dawa la mgonjwa mkononi.

Alipofika daktari alikuwa ameinama juu ya kitanda, nesi anatafuta mshipa.

"Mama, ameshikwa na degedege lini mara ya mwisho?"

"Sikuona, daktari. Labda usingizini."

"Dawa anapata?"

"Anapata kila siku. Haijakosa."

"Basi kitakuwa kimemshika usiku kucha, ndiyo maana amechoka hivi. Nesi, lete ile sindano ya kifafa. Tumwongezee."

Binti yake, ili aonyeshe kwamba dawa haijakosa, akafungua mkoba akaweka juu ya kitanda kichupa cha kahawia. Kisha akaweka pembeni yake kijiko cheupe cha plastiki.

Babu Kijiko aliviona viwili hivyo vimekaa pamoja.  Yale maneno ya Bi Glavu yaliyompita juu ya kichwa yakashuka yote kwa pamoja. Kali mno. Kidogo sana. Kwa uzito. Akakitazama kichupa, dawa ilikuwa imeteremka kama pombe kwenye chupa ya mlevi.

Nesi alikuwa ameshavuta sindano.

"Daktari, ngoja." Babu alimshika nesi mkono. "Ngoja kwanza. Dawa hiyo si ya kijiko. Amezidishiwa. Ukimwongeza unammaliza."

Daktari akachukua kichupa, akasoma, akatazama kijiko, akasoma tena. Sindano ikarudishwa kwenye trei. Hapo wadi nzima ikaanza kukimbia. Wakaleta mtungi wa hewa, wakamfunika mtoto pua na mdomo, nesi akawa anaminya mpira kumsaidia kupumua. Na daktari, huku anafanya kazi, akamgeukia mama wa mtoto kwa hasira.

"Mama, hukusoma? Si kuna bomba humu ndani la kupimia? Unampaje mtoto mdogo kijiko kizima cha dawa hii?"

Wanawake wa vitanda vya jirani wakageuza shingo. Mmoja akaguna, "Jamani, akina mama wengine!"

 Binti alimtazama baba yake mara moja tu, tena si kwa ukali, kisha akatazama chini. Na Babu Kijiko, mwenye mdomo usiokauka, mdomo ukamkauka. Nusu ya kwanza aliisema, ile ya kumwokoa mtoto. Nusu ya pili, ile ya kusema nani aliyetaja kijiko, akaibakiza. Alijiambia si wakati wake, daktari ana kazi, atasema baadaye. Daktari akaandika kwenye karatasi ya kitandani kwamba mama alizidisha dawa, akapita.

"Kuna dawa ya kuitoa?" Babu aliuliza, ingawa alijua.

"Hakuna, mzee. Tunampumulia, tunamtia maji, tunasubiri mwili uitoe wenyewe. Ukichelewa..." Daktari hakumaliza.

Wakasubiri. Anayesema kusubiri si kazi hajawahi kukaa ubavuni mwa kitanda akihesabia mtoto pumzi. Nesi alipochoka kuminya mpira, Babu aliomba aminye yeye, wakamkatalia. Akasimama ukutani na boksi la mtu bado mkononi. Binti yake alikuwa amekaa chini ameshika kisigino cha mtoto, mafuta ya nywele bado yamemganda kwenye vidole. Yule mama wa jirani akamwambia mwenzake, bila hata kunong'ona, "Hawa wasusi, akili zote ziko kwenye vichwa vya watu."  Binti angeweza kusema kwa neno moja tu nani alimwambia, na hakusema, na kila alivyonyamaza ndivyo Babu alivyozidi kuchomwa kama mtu aliyekalia makaa.

"Mwanangu," alinong'ona.

"Sio sasa, baba."

Jua lilipokuwa linaelekea kuzama akaja Bi Glavu. Alikuwa amepata habari, na kwa mara ya kwanza hakuwa na glavu. Alichukua kichupa akakigeuza.

"Mzee," akasema polepole, "hii ni ya katoni ile. Na asubuhi ile kabla ya kikao katoni nilikuta imepasuliwa, boksi moja halipo. Nilidhani stoo wamehesabu vibaya." Akamtazama binti, akamtazama mzee. "Nani alimpa?"

 Mpira wa kupumulia ulikuwa unalia fyuu, fyuu.

"Nilimpa mimi," Babu akasema. "Na kijiko nilimwambia mimi. Yeye aliuliza. Aliuliza kabisa, binti yangu, akasema nampa kiasi gani. Mimi ndiye nilijibu."

Bi Glavu hakusema nilikuambia. Ingekuwa nafuu angesema. Aliuliza tu, "Kuna mwingine uliyempa, mzee? Fikiri vizuri."

"Hakuna. Nilimtangulizia wa kwangu." Akaweka chini lile boksi alilokuwa ameshika. "Nilimpendelea."

Kisha akaenda mwenyewe mpaka meza ya daktari, katikati ya wadi, mahali ambapo kila kitanda kinasikia. "Daktari, futa ulichoandika. Mama wa mtoto hakukosea kitu. Aliyekosea ni mimi, mtu wa dawa wa hospitali hii. Andika hivyo." Daktari akamtazama, akachukua kalamu, akafuta. Yule mama wa jirani akajifanya anamfunika mwanawe shuka. Babu Kijiko akarudi ukutani. Alitarajia atajisikia mwepesi, kama wanavyosema watu. Hakujisikia mwepesi hata kidogo. Mtoto alikuwa bado hapumui mwenyewe.

Usiku wa namna ile hauna maelezo, tuuache. Kulipopambazuka nesi alisema pumzi zimeongezeka kidogo, lakini mtoto hajagusa mtu, hajalia, ukimfinya hashtuki. Babu aliinama karibu na sikio lake. "Mchumba. Mchumba wa babu. Amka unitukane." Hakuna kitu. Uso ulikuwa laini kama wa mwanasesere.

Ndipo kidole kikacheza. Kwanza kidole, kisha mkono, kisha bega, mdomo ukaenda upande, na mwili mzima ukaanza kutikisika, kile kile kifafa ambacho Babu alikuwa akikipiga vita kwa kinu na mchi tangu mtoto huyu azaliwe. Binti yake akapiga ukelele. Na Babu Kijiko, watu wote wanamtazama, akashika vyuma vya kitanda akaanza kucheka huku machozi yanamtiririka.

"Inatoka! Mwanangu, inatoka! Dawa inaisha mwilini!"

"Baba, unafurahia nini? Huoni anashikwa?"

"Naona! Naona! Ndiyo maana!"

Daktari alifika mbio. Alimgeuza mtoto ubavu, akasubiri, kikapita. Alimmulika machoni kwa tochi, na mtoto akakunja uso na kutoa sauti, kilio kidogo cha hasira, kibovu, kama cha paka aliyekanyagwa. Hakuna aliyewahi kusikia sauti nzuri kama ile.

"Amerudi," daktari akasema. "Lakini msifurahi sana. Hewa ilimpungukia muda mrefu. Kutembea, kuongea, hatujui bado. Na kifafa kinataka dawa yake, kwa kipimo chake."

Mchumba alifumbua macho kwa tabu. Alishika kidole cha mama yake. Babu alimwita, akamwita tena, na yale macho yakapita juu ya uso wake kama yanavyopita juu ya ukuta, yakaenda kutulia kwenye dari.

Bi Glavu akaja na kichupa na bomba. Akasema siku akiruhusiwa kwenda nyumbani mama ndiye atakayempa, basi ajifunze sasa. Babu Kijiko alisogea. Ni mazoea, mtu akitoa dawa miguu yake inakwenda yenyewe. Binti yake hakumsukuma, hakumwambia neno baya. Alihama tu upande, mgongo wake ukawa mbele ya baba yake, akamwelekea mfamasia.

"Nionyeshe, dada," alisema. "Taratibu. Kisha uniache nifanye mwenyewe, uniangalie."

Alionyeshwa. Akafanya. Alivuta ikazidi, akarudisha, akavuta tena. Aliinua bomba kwenye mwanga wa dirisha, akaligeuza aone mstari.

"Hivi?"

Aliuliza akimtazama Bi Glavu. Babu Kijiko alinyosha shingo nyuma ya bega lake, akatazama mstari naye. Ilikuwa sawasawa. Alifungua mdomo aseme kwamba ni sawasawa, kisha akaufunga, akasubiri asikie Bi Glavu atasemaje.